Mbuzi Akigombewa

Siku ya kuchaguliwa watakaokalia mtihani wa ngumbaru, Nabalayo alizima jiko kabla ya saa sita, wateja wake wa soko la mbuzi la Kiamaiko wakashangaa. Miaka yote anauza supu ya vichwa vya mbuzi hawajaona hilo. Akaoga mara mbili harufu itoke, akashika njia ya mtaa wa Tena, kwenye ukumbi wa kanisa wanakosomea.

Miezi minane darasani Kiingereza kilikuwa kimemkaba koo. Vitu vikiwa vingi unaongeza s, hilo sawa. Lakini mali ya mtu mmoja inataka kikoma juu, goat's. Ikiwa ya wengi kikoma kinarukia nyuma, goats'. Na don't nayo ina chake, hapo o ilipong'olewa. Alikariri akichochea sufuria, akatia chumvi mara mbili.

Waliandika imla, karatasi zikakusanywa. Mwalimu Kavinya, rika la Triza, binti wa Nabalayo, akazipitia, uso ukabadilika.

"Mama Triza na Job, simameni. Makosa yenu mawili ni yale yale. Nani kamchungulia mwenzake? Mkinyamaza nawakata wote kwenye orodha ya mtihani."

Job Opicho, dereva wa lori, alikuwa amekaa ubavuni mwa Nabalayo. Akacheka. "Mwalimu, mimi na Kiingereza tunakutana kila siku barabarani. Mathe ni mtu wa supu. Si unajionea?"

Nabalayo akawaza haraka. Akilia, wataona ni hatia. Akinyamaza, jina limekwenda.

"Mwalimu, sokoni kwetu wawili wakigombea mbuzi, hatuangalii nani ana mdomo. Tunamfungua kamba, tunaona atamfuata nani. Basi mfungue."

"Kivipi, Mama?"

"Tuite ubaoni. Sentensi mpya. Mimi huku, yeye kule."

Kavinya akawasomea kwa Kiingereza: visu vya wachinjaji havina makali. Chaki ya Nabalayo ikakatika. Akainama na magoti yake mabovu, akaiokota, akaandika polepole. The butchers' knives aren't sharp. Job aliandika, akafuta kwa mkono wa shati, akaandika, akafuta tena. Mwisho akaweka chaki chini.

"Mathe, umenimaliza."

"Ungeniomba, Job, ningekufundisha."

Watu wakacheka. Mwalimu akasema, "Pole, Mama. Kaa chini."

Hakukaa. Alisimama kando ya meza, akaifuata kwa macho kalamu ya mwalimu kwenye orodha ya mtihani, herufi kwa herufi, mpaka jina lake likaisha, na la baba yake.