Koti la Baba Korongoni

Nakumbuka asubuhi niliyochungwa kama ng'ombe, mwanangu, mimi mwenye diploma ya ujenzi, mbele ya dereva na wapakiaji sita. Usicheke bado. Ngoja nikueleze kwanza nilikuwa nani, ndipo ucheke.

Nilitoka kijijini kwetu, njia ya kwenda Kibakwe, nikiwa na kaptula moja na shati la kuazima. Dar es Salaam nilibeba zege mchana, jioni nikaingia darasani, na hakuna mjomba wala mfadhili aliyeninunulia hata daftari. Diploma ile ilikuwa ya kwanza katika ukoo wetu. Mpaka leo nikiingia jengo lolote la Dodoma naweza kukuonyesha ukuta utakaopasuka kabla haujapasuka. Nayasema haya kwa sababu ni kweli.

Nikarudi, nikapata kiwanja Makole, mjini Dodoma, nikachora mwenyewe ramani ya nyumba ya vyumba tisa. Nilikuwa sijaoa. Ukiniuliza vyumba tisa vilikuwa vya nani, nitakujibu kwamba vilikuwa vya wapita njia, wasimame na kuulizana, "Hii ni ya nani?"

Nyumba ya namna hiyo inakula mchanga. Na mchanga bora, msafi, wenye chembe kubwa, niliujua tangu utotoni: uko kwenye korongo la kijijini kwetu. Korongo lile hupitisha maji majuma machache wakati wa mvua, kisha hukauka na kubaki kama barabara pana nyeupe. Niliona mali isiyo na mwenyewe. Mwenyekiti wa kijiji akagonga muhuri, nikakodi tipa, tukaanza kuchota pale korongo linapopinda, kwa kuwa ndipo gari lilipoweza kushuka.

Pale pale wanawake huchimba visima vyao vya kiangazi. Si visima vya kujengewa, ni mashimo tu mchangani, ambamo maji hujaa polepole. Nilikunywa maji hayo utoto wangu wote. Lakini nilijiambia kwamba shimo ni shimo, watachimba kwingine. Hilo ndilo kosa langu, mwanangu. Mengine yote yalitokana nalo.

Shangazi Nyemo, dada wa marehemu baba yangu, alikuja siku ya pili akiwa peke yake, ndoo tupu mkononi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hiyo diploma yako inasema kiangazi maji yanalala wapi?"

"Chini ya ardhi, shangazi."

"Chini ya ardhi ipi?"

Nikacheka, nikamwambia asiwe na wasiwasi, bomba litakuja. Akatazama tipa, akatazama ndoo yake, akaondoka bila kuaga.

Siku tatu baadaye tulipokuwa tunaingia kijijini, niliona kitu cha ajabu. Ng'ombe walikuwa malishoni wakichungwa na wasichana, na hapakuwa na mwanaume hata mmoja njiani. Kwetu Ugogo, balaa likiingia nchini, kama ugonjwa wa mifugo au mvua kugoma, wanawake huvaa nguo za waume zao, hushika fimbo zao, na kulifukuza balaa hilo mpaka mpakani. Siku hiyo wanaume hukaa ndani na hawana neno. Habari hizo nilizisikia kwa bibi. Sikuwahi kuwaza kwamba balaa lenyewe ningeweza kuwa mimi.

Walikuwa wamejipanga korongoni, wamevaa suruali zilizofungwa kwa kamba na kofia za waume zao. Mbele yao alisimama shangazi, amevaa koti la kijivu la baba yangu. Nililijua kwa kiraka cha kiwiko. Nilikishona mwenyewe nikiwa darasa la sita.

"Mbukwa, shangazi," nikamsalimia kwa Kigogo, nikidhani nitamlainisha.

"Leo mimi si shangazi yako. Leo mimi ni baba yako. Geuza gari."

"Nina kibali, kina muhuri..."

"Muhuri huo tutautekea maji?"

Wanawake wakapiga miluzi ya wachungaji, fimbo zikagonga bodi la tipa, na mmoja akapaza sauti, "Dume hili lenye diploma lipitisheni kushoto, lisikanyage kisima!" Wakacheka mpaka kofia zikadondoka. Dereva wangu, Swalehe, mtu wa Kondoa asiyependa ugomvi, alikuwa ameshaweka gia ya nyuma.

"Swalehe, unakwenda wapi?"

"Bosi, mimi niliajiriwa kuendesha gari. Kuchungwa hatukukubaliana."

Walitusindikiza hivyo hadi mpaka wa kijiji, mimi nikitembea kwa miguu kwa sababu Swalehe hakuthubutu kusimama nipande.

Nilikasirika, sikufichi. Lakini hasira ilipopungua, likabaki swali la shangazi, na mimi swali la kitaalamu halinipi usingizi. Maji yanalala wapi? Juma lililofuata nikarudi peke yangu na kipande cha nondo na futi ya kupimia. Mahali ambapo hatukugusa, nondo ilizama mchangani, na nilipoichomoa nusu ya chini ilikuwa imeshika mchanga wenye unyevu. Pale tulipochota, ilizama kiganja kimoja tu, ikagonga mwamba, ikatoka kavu. Nikarudia hapa na pale, mara nyingi, kama mtu asiyeamini hesabu yake mwenyewe. Mchanga ule ndio uliokuwa tangi. Tena ndio uliokuwa mfuniko, unazuia jua lisinywe maji. Nilikuwa nimelibeba tangi la kijiji kulipeleka Makole.

"Umepoteza nini?" Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu, sasa amevaa kanga zake.

"Natafuta maji yanapolala."

"Ungeuliza tangu siku ile."

Akanikalisha kando ya kisima kimoja kilichobaki. Akateka kata moja, akaacha. Nikamuuliza kwa nini hateki tena wakati maji yapo. Akasema yakitibuliwa yanakimbia, na aliye nyuma atakuta tope. Hakuna anayejaza ndoo ya pili kabla kila mtu hajajaza ya kwanza, wala hakuna anayepanua shimo ili apate haraka. Nikauliza nani aliweka sheria hiyo. "Kiu," akanijibu.

Mchanga ambao ulikuwa haujawa tofali niliurudisha. Swalehe alishangilia njia nzima, na Makole walitoka nje kumtazama mtaalamu anayerudisha mchanga mtoni. Kwa tofali zilizokuwa tayari nilijenga vyumba vitatu. Ndimo ulimozaliwa, na sijaona aliyelala dirishani kwa kukosa nafasi. Lakini visima vya pale korongo linapopinda havikurudi mwaka ule. Wanawake walitembea hadi korongo la pili kiangazi chote, shangazi akiwa nao, na goti lake bovu. Kila mvua ilirudisha mchanga kidogo kidogo. Aliwahi kuteka tena pale kabla hajafariki, ila si mara nyingi. Hilo diploma haiwezi kulirekebisha.

Sasa nasikia nawe unataka kujenga, na ramani yako ina vyumba tisa, kimoja cha viatu. Sikukatazi, una kazi yako na akili zako, na akili hizo unajua ulikozirithi. Nakuomba tu, kabla ya kununua, kubomoa, kuwasha au kuongeza chochote, uulize kitu hicho kilikuwa kimelala wapi, na nani alikuwa anakitegemea. Kisha chukua kata yako moja, ungoje. Mara nyingi utagundua kiu imekwisha kabla ya ndoo ya pili. Na usidhani wasio na cheti hawajui kitu. Walikuwa wanalinda maji yale kabla hatujajua kuandika neno mazingira.

Koti la baba ninalo, shangazi aliniachia, limetundikwa nyuma ya mlango. Nikiondoka, lichukue wewe. Na siku ukikuta wanawake wamevaa makoti ya waume zao, zima gari, shuka, wasalimie kwanza.

Mungu akujalie nyumba yenye watu wengi kuliko vyumba, akupe macho ya kuwaona walio nyuma yako kisimani, na kila utakapochimba kwa haki, ukute maji.