Herufi O Niliyoifutisha Leo

Leo nimemfutisha mama wa watu herufi iliyokuwa sahihi.

Duka jipya la mboga hapa Mwembesongo. Mimi nimechora bango kwenye kompyuta, Mama Zuhura, fundi wa maandishi tangu sijazaliwa, analipaka ukutani. Fonti ni ile niipendayo: haina mapambo, na O yake ni duara kama la bikari.

Yeye bikari hana. Ana mfuniko wa sufuria.

Alipomaliza neno MBOGA nikachukua rula. O imezidi mstari, juu kidogo na chini kidogo.

"Mama, samahani, hii O imepita."

"Ndivyo inavyotakiwa, mwanangu."

"Kwenye kompyuta herufi zote ziko sawa."

Akaifuta kwa tambara, akaipaka upya, safari hii ndani ya mstari kabisa.

Mara akafika mwenye duka, mzee wa huko juu milimani, na tenga lake la kabichi. Shikamoo, marahaba, akatazama ukuta.

"Mbona hiyo O ndogo?"

Nikavuka barabara kuangalia. Jamani! Wenzake wamesimama, yenyewe imenywea.

Nikafungua laptop, nikaikuza ile fonti mpaka O ikajaa skrini. Nayo imezidi mstari, juu na chini. Miaka minne naitumia kwenye kadi za harusi, sijawahi kuona.

Wabunifu wenzangu, mlijua hili mkaninyamazia?

Nikarudi kuomba radhi. Mama Zuhura alikuwa bado kakaa kwenye ngazi, mfuniko mapajani, na brashi hajaiosha.