Kitabu cha Mzee Yustino Nilichokicheka

Nakumbuka Jumapili moja baada ya misa ya pili, hapa hapa Mbuba, nilipokuwa na miaka ishirini na ulimi mwepesi kuliko akili. Mwanangu, kaa nikusimulie. Si jambo la kujivunia, na kwa muda mrefu sikulisema mbele ya mtu yeyote isipokuwa padri.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwenye shule ya bweni, nimerudi nyumbani kusubiri kazi. Siku zile msichana aliyefika kidato cha nne kwetu alikuwa mtu wa kuitwa. Barua ikifika kijijini, aitwe Edita asome. Fomu ya serikali ikiletwa, aitwe Edita ajaze. Maktaba ya shule yetu ilikuwa kabati mbili tu, lakini nilikuwa nimezimaliza zote, vitabu vingine mara mbili. Basi nikajiona ninajua kitabu kizuri kinavyopaswa kuwa. Kumbe nilijua kabati mbili.

Hapo kijijini alikuwepo Mzee Yustino. Alikuwa dresa wa zahanati, yule anayesafisha vidonda na kufunga bandeji, na alikuwa amestaafu. Katika kazi yake alizoea kutembelea wagonjwa kwa baiskeli, na akifika kwa mzee fulani, akimaliza kufunga kidonda, anatoa daftari mfukoni na kuuliza habari za zamani. Watu wa hapa walitoka wapi? Kilima hiki kinaitwaje, na nani alikipa jina? Njaa kubwa ilipokuja watu walikula nini? Aliandika hivyo miaka tisa. Wengine walimwona mtu wa ajabu, lakini wazee walimpenda, maana mzee akipata mtu wa kumsikiliza ni kama amepata dawa.

Ikatangazwa kanisani kwamba Mzee Yustino ametengeneza kitabu. Amekipeleka Biharamulo, kwa mpiga taipu mmoja mwenye kiofisi karibu na boma la Wajerumani, kikapigwa chapa, kikadurufiwa nakala thelathini, kikatiwa jalada la karatasi ngumu. Mwanangu, huwezi kujua maana ya tangazo lile. Sisi tulikuwa tunasoma habari za Waingereza na za watu wa pwani, hatujawahi kujiona kwenye karatasi. Kila ukoo ulianza kumtarajia mtu wake humo ndani.

Mimi nilimtarajia babu yangu, Mzee Kagoma. Alikuwa mhunzi, mfua majembe, na alikufa kabla sijazaliwa. Bibi yangu alikuwa akiniambia kwamba wakati wa njaa babu alibeba majembe kichwani, akavuka mto Ruvubu, akarudi na mtama, akawagawia watu ambao hata hawakuwa wa ukoo wetu. Habari hiyo nilikua nayo. Katika mawazo yangu kitabu cha Mzee Yustino kilikuwa tayari kimeandikwa, na babu yangu alikuwa katikati yake. Ningekuwa na akili ningejiuliza ni nani aliyeniahidi hivyo.

Ijumaa mwenyekiti wa kijiji aliniletea nakala. Akasema, "Edita, Jumapili utasema maneno machache kwa niaba ya vijana. Kisome vizuri."

Nilikipokea kwa mikono miwili, nikakaa nyuma ya nyumba penye kahawa iliyoanikwa, nikafungua. Ukurasa wa kwanza, majina ya vilima. Wa pili, vilima. Wa tano, vilima bado, na vijito vyake, na nyasi zake. Kilima hiki kiko upande wa mashariki wa kile, kina chemchemi mbili, chini yake watu walikuwa wakipumzika. Hakuna mtu anayesema neno, hakuna anayependa wala kugombana. Na makosa! Unajua sisi Wahangaza l na r zinatusumbua. Mzee aliandika kama anavyosema, na mpiga taipu hakujisumbua. "Wageni warirara juu ya mrima." Nilifika ukurasa wa kumi na nane. Nikapekua haraka haraka hapa na pale nikimtafuta Kagoma, sikumwona, nikakifunga. Nilihisi kama mtu aliyeibiwa. Nilikuwa nimekisubiri kitabu kile kuliko nilivyosubiri matokeo yangu ya mtihani.

Ulimi hauna mfupa, mwanangu, ndiyo maana huteleza.

Jumapili watu walikusanyika uwanja wa kanisa. Mzee Yustino alikuwa amevaa koti lake la harusi za watoto wake, amekaa kwenye kiti cha mbele na miwani yake puani. Niliposimama, sikuwa nimepanga kumwumiza. Nilitaka tu watu wajue kwamba mimi ninajua. Nikaanza kwa kusalimia, halafu nikafungua kitabu nikasoma kwa sauti, "Wageni warirara juu ya mrima." Nikanyamaza kidogo, kama mwalimu wetu wa Kiswahili alivyokuwa akifanya, nikauliza, "Je, walilala, au walifanya nini huko?"

Watu wakacheka, na kicheko kina ulevi wake. Nikasoma sentensi nyingine, wakacheka tena. Nikasema kwamba tulingoja kitabu cha watu tukaletewa kitabu cha vichuguu. Kwamba anayetaka kujua vilima atoke nje aangalie. Wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Wale waliocheka nao walikuwa wakisema "kurara" majumbani mwao. Hata mama yangu. Nilikuwa nausimanga ulimi wetu wenyewe, na hakuna aliyelitambua hilo wakati ule.

Mzee Yustino alikuwa akitabasamu mwanzoni, kama mtu anayesubiri maneno mazuri yafike. Halafu akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti. Nilipokaa akaniuliza kwa upole, "Asante, mwanangu. Umekisoma mpaka mwisho?"

"Ndiyo, mzee," nikamjibu.

Huo ndio uongo ambao ningependa kuurudisha kinywani hadi leo.

Siku ile zilichukuliwa nakala chache. Nyingine zikawekwa stoo ya parokia. Njiani mama alitembea mbele yangu, na tulipokaribia migomba yetu akageuka. "Mwenzako amelima miaka tisa," akasema. "Wewe umekuja siku ya mavuno kuhesabu magugu." Akaingia ndani. Nikamwona hajui mambo ya vitabu.

Mwaka uliofuata bibi yangu, mke wa huyo Mzee Kagoma, aliugua, akalazwa hospitali ya Biharamulo. Mimi sikuwa na kazi, kwa hiyo nikatumwa kumwuguza. Nilipofungua mfuko wake kutoa kanga nikakuta kitabu cha Mzee Yustino, kimefungwa kwa kitambaa safi. Bibi hakujua kusoma hata herufi moja.

"Hiki umekibeba cha nini, Bibi?"

"Nisomee," akasema.

Sikuwa na njia ya kukwepa. Nikaanza ukurasa wa kwanza, nikisoma kwa uvivu. Nilipotaja kilima cha tatu, bibi akafungua macho. "Hapo ndipo tulipochota maji nikiwa mwali," akasema. Cha sita, akacheka peke yake, akasema hapo shangazi yake alimkimbia fisi akaacha kikapu cha maharage. Kila jina nililolitaja lilimwamshia kitu. Wanawake wa vitanda vya jirani wakaanza kusogea kusikiliza. Mmoja wao, Msubi wa upande wa Biharamulo, akasema kwao pia kuna kilima chenye jina kama hilo, wakabishana na bibi kwa furaha. Kitabu kile kikavu, nilichokiita cha vichuguu, kilifanya wagonjwa wasahau maumivu yao siku tatu mfululizo. Usione vyaelea, vimeundwa. Na vingine hujui vimeundwa kwa ajili ya nani.

Siku ya tatu nikafika mwisho. Ukurasa wa mwisho kabisa, ambao sikuwahi kuufungua, Mzee Yustino alikuwa ameandika maneno machache kwa msomaji. Alisema hiki ni kitabu cha vilima, kwa sababu mtu hawezi kusimuliwa kabla ya kujua aliishi wapi. Kitabu cha pili kitakuwa cha watu walioishi juu ya vilima hivyo, na madaftari yake yako tayari. Akaomba yeyote atakayeona kosa amletee nyumbani, kwa kuwa yeye alisoma darasa la sita tu, na angependa kitabu cha pili kitoke kikiwa safi.

Bibi akaniuliza kilichoandikwa, nikamwambia.

"Ndiyo," akasema. "Alikuja kwangu siku tatu akiniuliza habari za babu yako. Akaandika daftari zima. Nilimwambia hata siku ile walipovuka Ruvubu, aliyekuwa naye na walichoimba." Akajaribu kuinuka kwenye mto. "Ngoja nikuambie. Walipofika mtoni..."

Nikamshika bega. Pumzi yake ilikuwa fupi, nikamwonea huruma, na nikajiona ninafanya wema. "Pumzika, Bibi. Usijichoshe. Mzee Yustino ameandika yote, nitayasoma."

Akanitazama, akalala. Siku mbili baadaye alifariki.

Tulimrudisha Mbuba kwa gari la kuazima. Pale Lusahunga tulisimama dereva aulizie njia kama inapitika, malori yamejipanga yanayoelekea mpakani Rusumo, watu wanauza mahindi na nyama kama siku zote, na mimi nimekaa nyuma na bibi yangu nikijiambia: angalau daftari lipo. Nililishika wazo hilo kama mtu anayeshika mzizi ukingoni mwa mto.

Baada ya matanga nikaenda kwa Mzee Yustino. Nilimkuta shambani akipalilia maharage.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole kwa bibi yako. Alikuwa mtu wa maneno mazuri."

Nikapiga magoti kwenye udongo, nikamwambia yote: kwamba sikukisoma, kwamba niliishia ukurasa wa kumi na nane, kwamba nilimdanganya mbele ya watu. Aliniacha nimalize. Kisha nikaomba lile daftari la babu.

Aliegemea jembe lake. "Madaftari yote niliyachoma, Edita. Wiki ile ile. Usidhani nilikuwa na hasira. Nilikaa nikafikiri, kumbe miaka yote hii nimekuwa nikiwasumbua watu. Nilikuwa nasafisha shamba, takataka zinaungua, nikayaleta na yenyewe."

Nilishindwa kulia. Nikamwambia maneno ambayo mtoto wa mhunzi huyajua. "Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi, mzee. Mimi nitaandika, wewe useme."

"Koleo sawa," akajibu. "Lakini mhunzi naye amechoka." Hata hivyo akakubali, maana alikuwa na moyo ambao sikuustahili.

Nilikwenda kwake kila alasiri kwa majuma kadhaa. Alijitahidi. Lakini mambo aliyoyaandika alikuwa ameyatoa kichwani na kuyatua kwenye karatasi, kama mtu anavyotua mzigo, na majina yalimtoka. Nani alikuwa pamoja na babu mtoni? Aliwaza sana, akatikisa kichwa. Waliimba nini? Alikumbuka kwamba kulikuwa na wimbo. Wazee waliomsimulia walikuwa wamekufa mmoja baada ya mwingine. Tulipata kurasa nne. Zaidi ya hizo hakuna, na Mzee Yustino mwenyewe alizikwa kabla ya kiangazi kilichofuata.

Majuto ni mjukuu, mwanangu, na mimi mjukuu huyo nimemlea hadi amezeeka pamoja nami.

Sasa sikiliza ninachotaka kukuambia. Majuzi mtoto wa binti yangu alinionyesha kwenye simu jinsi vijana mnavyoandika juu ya vitabu. Mtu amefungua kurasa chache, anaandika "hovyo, msipoteze muda," na mia wanacheka. Siwaambii mkisifu kibaya. Makosa ya Mzee Yustino yalikuwepo kweli, na mwenyewe aliomba aonyeshwe. Ningempelekea karatasi ya masahihisho nyumbani kwake, kitabu cha pili kingetoka na Kiswahili kilichonyooka. Kasoro iseme, lakini maliza kwanza kusoma. Na kama mwenyewe anafikika, mwambie yeye kabla ya kuwaambia wanaocheka. Na ukikuta kitabu kimekupungukia, jiulize kama ni mwandishi aliyekunyima, au ulijiandikia chako kichwani ukamdai yeye. Yustino hakuniahidi babu yangu. Alinipa alichokuwa nacho siku ile, na kingine alikuwa amekiweka akiba.

Hilo la bibi sina nasaha yake. Anayetaka kukusimulia, mwache asimulie.

Zile kurasa nne ninazo. Nikuambie ukweli, nazo ni kavu; hazifikii hata robo ya babu niliyemtarajia. Nazisoma mpaka mwisho kila mwaka siku ya marehemu, halafu naomba.

Mungu akupe macho yenye subira, mwanangu. Akujalie vitabu vingi, vizuri na vibovu, na watu wa kukusimulia wakingali na pumzi. Na siku nawe utakapothubutu kuandika, akupelekee msomaji aliye mwema kuliko nilivyokuwa mimi. Amina.