Nilivyoupeleka Mgongo Wangu Nandi Hills

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Nimeona bei ya mahindi ikipanda na kushuka kabla mtu hajamaliza chai yake. Nimeona lori langu likilala ndani ya mto na dereva akatoka majini akitafuta kofia. Nimelala juu ya magunia kule Lugari mvua ikininyeshea mpaka kukapambazuka. Shule niliiacha darasa la sita, na leo nina maghala mawili karibu na soko la Kakamega, na watu wanane wanakula kwa sababu yangu. Mtu akiniletea habari ngeni mimi huinua bega tu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mpaka mgongo wangu mwenyewe ukanikataa.

Asubuhi hiyo, mbele ya ghala, niliinama kufunga mdomo wa gunia. Kazi hiyo naijua tangu nilipokuwa kijana mpagazi pale steji ya magari, nikibeba mizigo ya watu kichwani na begani. Niliinama, nikabaki hapo hapo. Kuinuka sikuweza, kuketi sikuweza. Mama mmoja mteja wangu kutoka Bukura akadhani namsalimia kwa heshima, naye akainama. "Mulembe, baba," akasema. Nikamwitikia mulembe nikiangalia viatu vyake.

Daktari wa hapa mjini alitazama picha ya mgongo, akaniambia pole pole kama anayesema na mtoto. Akasema niache kubeba, nipumzike, nijaribu kwanza mazoezi ya kunyoosha mwili. Nikirudi kwake bado nimepinda, ataniandikia barua ya kwenda kupasuliwa Eldoret. Sasa, kupasuliwa mgongo si kung'olewa jino. Kuna mwenzangu wa nafaka aliyepasuliwa hivyo. Alipopata nguvu za kurudi sokoni, ghala lake lilikuwa limeandikwa jina la mtu mwingine. Mimi biashara yangu iko kichwani mwangu na mikononi mwangu. Nikilala miezi, inalala nami.

Binti yetu Ayuma, ambaye ni nesi, ndiye aliyepata nyumba ya yoga huko Nandi Hills. Akanipigia simu.

"Baba, ni siku tano tu. Unajinyoosha, unapumua, unalala."

"Kulala hata hapa nalala, tena bure."

"Hapa haulalangi, baba. Hapa unaangukanga."

Miezi hiyo nilikuwa nimechoka uchovu ule wa mtu kuketi kitandani na kiatu kimoja mkononi, akitafuta nguvu za kuvua cha pili.

Jumapili kabla ya kuondoka, mzee mmoja wa kanisa letu alinivuta kando baada ya ibada. "Makokha, nasikia unaenda kuabudu jua."

"Naenda kunyoosha mgongo, mzee."

"Ndivyo wanaanzanga hivyo hivyo. Leo mgongo, kesho sanamu."

"Mgongo wangu hauna dini. Unauma Jumapili, unauma Jumatatu."

Akacheka, lakini aliniombea hapo hapo, mkono wake begani, mpaka watu wakaanza kutuzunguka wakidhani kuna msiba.

Jioni hiyo tukafunga mizigo. Mke wangu, Mama Ayuma, alinisomea ujumbe kutoka kwa wenye nyumba kuhusu vitu vya kubeba. Nguo za kulegea, sweta, blanketi jepesi, chupa ya maji, mkeka wa mazoezi.

"Halafu?" nikauliza.

"Imeisha."

"Huo ni mzigo wa mtu anayeenda kisimani. Mimi ni Makokha."

Nikaweka suti ya kijivu, maana huwezi kujua utakutana na nani. Nikaweka gambuti, tochi, redio, unga wa mahindi wa ghala langu mwenyewe, na thamosi. Suruali za michezo tulinunua mpya, yangu na yake, kwa sababu sikuwa nimevaa suruali ya michezo tangu shule. Mkeka nilikataa kununua. Nilikata kipande cha turubai letu la kuanikia mahindi, nikakikunja vizuri.

"Hicho kitateleza," Mama Ayuma akasema.

"Hiki kimelaliwa na mahindi ya wilaya nzima, kitashindwa na mimi?"

Mwisho nikashika jogoo, mwekundu, mzito, nikamfunga miguu. Kwetu huingii kwa mtu mikono mitupu, na mkono wenye ingokho, yaani kuku, haukataliwi popote.

"Baba Ayuma, wale watu tumewalipa," mke wangu akasema.

"Kulipa ni kulipa. Kuingia kwa mtu ni jambo lingine."

"Mgongo wako unabeba nini sasa? Unabeba jogoo?"

"Jogoo anabebwa na mkono."

Jumatatu alfajiri tukaondoka. Wafula, dereva wangu, alikuja na pikapu, nami nikaketi mbele na mto nyuma ya kiuno. Tulipita Khayega maduka yakifunguliwa, tukapita Sigalagala wanafunzi wa ufundi wakivuka barabara na ovaroli zao begani, bado safi. Chavakali tukapinda kushoto. Kuanzia hapo kila tuta nililisikia kwa uti wa mgongo, na Wafula akawa ananiambia pole kila mara mpaka nikamwomba anyamaze. Shamakhokho tulinunua ndizi. Baada ya Kaimosi hewa ikabadilika, ikawa baridi na safi, na mbele ya Kapsabet mvua nyembamba ikaanza. Kisha majani ya chai, kilima juu ya kilima, yamekatwa sawa kama kichwa cha mtu aliyetoka kinyozi leo. Nilikuwa nimepanga kuwasimulia wenzangu sokoni uzuri wa huko. Ukweli ni kwamba nusu ya njia nilikuwa nimefumba macho.

Saa tano hivi tulifika. Ni nyumba ndefu ya mbao na mabati mekundu, imezungukwa na chai, na ukimya wake unafanya masikio yasikie damu. Aliyetupokea anaitwa Chebet, mwalimu mwenyewe, mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Alikuwa mkimbiaji mpaka goti likamwachisha. Nikamsalimu, nikasimama wima kadiri nilivyoweza, nikampa jogoo kwa mikono miwili.

Chebet akamtazama jogoo. Jogoo akamtazama Chebet.

"Asante sana, baba," akasema. "Lakini hapa hatuchinji. Hapa hakuna nyama kabisa."

"Si lazima umchinje leo."

"Hata kesho, baba."

Wasomaji wangu wa nyumbani mnajua hilo ni neno gani. Ukikataa kuku wa mgeni umemkataa mgeni. Nilisimama pale mlangoni nimechoka, mgongo unawaka, nikafikiria kumrudisha Wafula ambaye alikuwa bado anageuza gari. Mama Ayuma ndiye aliyeokoa siku. "Mwalimu," akasema, "mpokee tu. Kukaa si kuliwa." Chebet akacheka, akamchukua kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akamfungua miguu, akamwachilia uani. Jogoo akajitikisa, akatembea kama mwenye shamba. Hapo roho yangu ikakaa.

Asubuhi ya kwanza kabla ya jua, huyo jogoo aliwaamsha watu wote. Wageni wengine walikuwa wanawake wanne kutoka Nairobi, waliokuja kutafuta usingizi kama sisi. Mmoja wao, mnene mchangamfu aitwaye Wanjiru, alinikuta nikinywa chai.

"Mzee, huyo kengele ni wako?"

"Ni wangu. Nilimleta zawadi."

"Na ukienda utatuachia namba ya kumnyamazisha?"

Wote wakacheka, na mimi pia, ingawa kucheka kuliniuma kiunoni.

Darasani nikatandaza turubai langu katikati, wao wakatandaza mikeka yao laini ya rangi rangi. Chebet akasema tuweke mikono chini, tuinue makalio juu, tuwe kama mlima. Nikaweka mikono. Mikono ikaondoka. Turubai lile limesuguliwa na mahindi miaka mingi, likawa kama sakafu yenye sabuni, nami nikateleza pole pole mbele ya watu mpaka kidevu kikafika chini. Mama Ayuma alijifunika uso na sweta, lakini mabega yake yalikuwa yanaruka. Chebet akaniletea mkeka wa nyumba.

Kisha akaniambia nilale chali. Akainua mguu wangu wa kulia kwa mikono yake, akaushika kisigino na goti.

"Nipe mguu, baba."

"Si unao?"

"Sina. Unaubeba mwenyewe. Mimi nimeshika tu."

Nikamwambia nimeuachilia. Akaondoa mikono yake ghafla. Mguu ukabaki pale pale hewani, umesimama kama nguzo ya stima.

"Unaona?" akasema.

"Ni mguu wangu. Nani mwingine ataubeba?"

"Mimi. Kwa dakika moja tu. Niachie uzito."

Sikuweza. Naapa sikuweza. Nilijaribu kwa nguvu, naye akaniambia nguvu ndiyo shida. Nimebeba magunia ya kilo tisini, nimepandisha vitanda, makabati na majeneza kwenye paa za magari, na hapo nikashindwa kumpa mtu mguu wangu mwenyewe. Mama Ayuma aliyekuwa amelala pembeni akasema bila kufungua macho, "Mwalimu, hata mwavuli hatoangi. Tunalowa wote akiwa ameushika."

Siku zilizofuata zilipita hivyo. Kunyoosha asubuhi, dengu na mboga mchana, kulala, kunyoosha jioni, maziwa ya moto. Suti ilibaki ndani ya mfuko. Gambuti zilinisaidia kwenye matope tukitembea kwenye chai. Mama Ayuma aliingia jikoni akapika obusuma kwa ule unga wangu, na Wanjiru akaongeza mara mbili akisema Nairobi hawajui ugali. Simu yangu nilimpa Chebet aniwekee. Siku ya kwanza mkono ulikuwa unaitafuta mfukoni. Baadaye mkono ukachoka kutafuta, kama mimi mwenyewe.

Lakini mgongo haukuwa umebadilika sana, na nilianza kuiona ile barua ya Eldoret. Alhamisi mvua ilinyesha mchana kutwa juu ya mabati. Chebet akainua tena mguu wangu, akaomba tena kama alivyoomba kila siku. Sikujaribu kitu. Sikuwa na nguvu za kujaribu. Nilisikiliza mvua tu. Nikasikia mguu ukiwa mzito, mzito sana, kama si wangu, na mikono yake ikishuka kidogo chini ya huo uzito.

"Huo sasa," akasema kimya kimya. "Huo nimeupata."

Kitu fulani kiunoni kikalegea, kama kamba ya gunia inapokatwa. Sikumbuki mguu wa pili. Nasikia nilikoroma mpaka Wanjiru akasema jogoo amepata mwenzake. Nilipoamka nilikuwa nimefunikwa blanketi, darasa limekwisha, na Mama Ayuma ameketi karibu anamenya ndizi.

"Umelala," akasema.

"Nimelala."

Akanipa ndizi nusu.

Jumamosi tulirudi. Wafula alikuwa Lugari akipakia mahindi, kwa hivyo tukapanda gari la abiria mpaka Kapsabet, kisha lingine mpaka nyumbani. Jogoo tulimwacha na kuku wawili ambao Chebet alimnunulia ili asiwe mpweke. Kakamega tulishuka jua likiwa kali, bodaboda zikitupigia kelele kila upande. Mfuko wetu mkubwa ukateremshwa ukawekwa chini mbele yangu. Nikauangalia. Nilijisikia mwepesi, nimenyooka, na mkono ukawa umeshaanza kwenda.

"Mzee, nikubebee?"

Alikuwa mwanamume mwembamba wa umri wa ujana unaokwisha, ngata ya kitambaa mkononi. Nimesimama pale steji miaka mingi nikisema neno hilo hilo kwa watu wengine. Hakuna aliyewahi kuniambia mimi. Mama Ayuma alikuwa anaangalia upande mwingine, kwa makusudi, namjua.

"Ni mzito," nikamwambia.

"Ndiyo kazi yangu, mzee."

"Haya. Beba."

Nilitembea nyuma yake mikono mitupu mpaka ghalani. Mikono hiyo sikujua niiweke wapi, nikaishika mgongoni kama mwalimu mkuu.

Jumatatu nilikwenda kwa daktari. Akaniambia niinamie vidole vya miguu. Vidole vya mikono vilifika chini ya goti, katikati ya muundi, vikasimama hapo, na nikainuka mwenyewe. Akaniinamisha mara ya pili. Akaandika, akafuta, akaandika tena.

"Kisu tukiweke kando," akasema. "Endelea na mazoezi, urudi baada ya miezi mitatu. Lakini gunia, mzee Makokha, gunia usiguse tena."

"Hata moja?"

"Hata nusu."

Siku hizi niko ghalani kwenye kiti, natazama wengine wakibeba. Wanabeba vibaya, na nimejifunza kunyamaza, jambo ambalo ni zito kuliko gunia. Asubuhi nalala chali ofisini, Mama Ayuma ananiinulia mguu, siku nyingine nampa, siku nyingine unabaki juu na anaugonga kwa kijiko. Wenzangu wa nafaka wananiuliza kama mtu mwenye akili zake anaweza kulipa pesa ili akalale chini. Nawaambia waende. Wabebe nguo za kulegea na sweta, suti waache nyumbani, na mkeka wanunue. Kisha wananiuliza lile swali la sokoni, ilinigharimu ngapi. Kila kitu ndani, kulala kwetu wawili, mafuta, nauli, suruali za michezo na ile hamsini ya mpagazi ambayo sikupunguza hata shilingi, ni elfu thelathini na tisa, mia nne na hamsini.