Shauri la Thelathini na Moja

Baba mdogo alisema sitaweza. Alilisema hilo mlangoni pa duka lake la vipuri, hapa Karatu mjini, mbele ya madereva wa magari ya watalii waliokuwa wakisubiri shokapu.

"Mchaga gani wewe," aliniuliza, "unayeuza ng'ombe wasiokuwepo?"

Madereva walicheka mpaka mmoja akaegemea boneti. Jirani yetu, mkulima wa vitunguu wa Kiiraqw, alijaribu kunitetea. "Mwache kijana ajaribu," alisema. "Ng'ombe wa kwenye simu wakimshinda, shambani kwangu kuna majembe ya kweli." Na mwalimu aliyenifundisha hesabu alimwambia mama, kanisani, kwamba Dar imenirudisha na cheti bila akili.

Walikosea wote. Naliandika hili mapema, kwa sababu huko mbele kuna mahali ambapo sitajisifu. Nilirudi na stashahada ya kompyuta niliyojilipia mwenyewe kwa kuuza vocha na kutengeneza simu barabarani. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mama, juu ya meza iliyokuwa ya kupigia pasi, nilitengeneza gemu peke yangu: michoro, sauti, hesabu, yote. Mchezaji anaswaga ng'ombe kutoka nyanda za juu, katikati ya ukungu wa ukingo wa kreta, hadi kwenye maji, kabla fisi hawajamaliza ndama. Linaonekana jambo dogo. Watu walilicheza kutoka Enguserosambu hadi Newala.

Lakini gemu zuri wengine nao wanatengeneza. Kilichowafunga wachezaji wangu kilikuwa mdomo wangu. Tulikuwa na kundi letu kwenye simu, na humo waliniita Mkuu. Kampuni kubwa, likitokea kosa, huomba radhi kwa lugha ya barua ya benki. Mimi nilijibu kama mtu aliyekaa nao kwenye benchi. Siku nilipotoa toleo jipya bila kulipima vizuri, msichana mmoja wa Mbulu aliandika:

"Mkuu, ng'ombe wangu yuko juu ya mgunga."

"Mwache," nikajibu, "anatafuta mtandao."

Kabla sijasahihisha kosa lile, kundi zima lilikuwa linatuma picha za ng'ombe wao mitini, na kila picha ina maneno yake. Walitaka nisilisahihishe. Mchungaji mmoja wa Malambo, mchungaji kweli, anayecheza huku mifugo yake ikila mbele yake, aliandika: "Ng'ombe wako wanamaliza kunywa haraka mno. Inaonekana hujawahi kusubiri ng'ombe." Nikamjibu kwamba mimi nimesubiri matokeo ya mtihani, ng'ombe ni nini. Kisha, kimya kimya, nikaongeza muda wa kunywa maji. Ndivyo nilivyofanya kazi: utani mbele, marekebisho nyuma.

Na hapo ndipo alipoingia Mpare.

Alikuwa fundi wa sola na simu kule Wasso, mtu mzima kunizidi. Sikuwahi kumwona uso. Siku ya kwanza tu alisoma jina langu la ukoo akajua mimi ni nani kwake. Mchaga na Mpare ni watani, na mtani hahitaji kutambulishwa. Mimi nilimkumbusha kwamba kwao mtu huuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Yeye aliuliza kama ni kweli kwetu maiti ikisikia sarafu imeanguka inafumbua jicho.

Akachukua tusi langu akalifanya kazi. Kila alipoona kosa kwenye gemu, alilileta kama shauri. "Shauri la nne. Mlalamikaji ni mchungaji wa Wasso. Mshtakiwa ni Mchaga wa Karatu. Mlalamikaji anadai kwamba fisi alipita katikati ya ukuta wa boma bila kubomoa hata mti mmoja, akala ndama wawili. Ushahidi: picha tatu." Nami nilijibu: "Mshtakiwa anakana. Fisi huyo alipiga hodi kwanza." Wengine waliandika kama mashahidi, mmoja alijipa uhakimu, na mwisho nilitozwa faini ya ndama wawili. Kusema kweli, sijapata kuona ripoti za makosa zilizoandikwa vizuri kama zake. Alitaja saa, aina ya simu, mahali penyewe. Nusu ya uimara wa gemu langu ulitoka kwenye kesi zake, nami nilipohojiwa redioni nilisema umetoka kwenye stashahada yangu.

Mwaka wa pili umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, kompyuta yangu ikaungua. Baba mdogo alisema aliniambia. Niliandika kwenye kundi, kwa mara ya kwanza bila mzaha, kwamba kazi imesimama. Watu kumi na mmoja walinikopesha. Wa kwanza, kabla sijaweka simu chini, alikuwa Mpare. "Huu ni mkopo," aliandika. "Riba ni kesi moja kila wiki." Nilinunua kompyuta nyingine. Wale kumi niliwalipa mmoja mmoja, kwa fahari, na nilitangaza kila malipo. Yeye kila nilipotaka kumlipa alikataa. "Ukinilipa nitakushika kwa lipi? Tulia, Mchaga, uonje kudaiwa."

Sasa nifike kwenye tangazo.

Nilikuwa nimetunga kitu ambacho nilikiona ndicho kilele cha ucheshi wangu. Mchezaji akikaa siku saba bila kufungua gemu, programu yenyewe ilituma tangazo kwenye kundi, kwa lugha ile ya redioni: "Tunasikitika kutangaza kifo cha mchungaji wetu mpendwa," halafu jina lake la mchezo. "Marehemu ameacha ng'ombe kadhaa wenye kiu. Habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo." Watu walicheka. Aliyetangazwa alirudi mbio kujifufua, na kufufuka kwake kulikuwa sherehe. Nilijisifu mpaka kwa wenzangu niliosoma nao Dar: tazameni, watu wanarudi wenyewe.

Shauri la thelathini na moja lilihusu tangazo hilo. Mpare aliandika: "Mlalamikaji anaomba tangazo la msiba liondolewe. Mama mmoja hapa Wasso alishika simu aliyoiacha mwanawe aliyeko masomoni, akasoma jina lake, akaanguka. Nilikuwepo dukani. Mambo haya si ya kuachia mashine." Hakuweka mzaha wowote. Nilipaswa kuuona ukosefu huo wa mzaha, mimi niliyejua sauti yake kuliko ya ndugu zangu. Lakini kundi zima lilikuwa linanitazama, na sikuzoea kushindwa kujibu.

"Shauri limetupwa," niliandika. "Mpare anaogopa kufa kwa sababu jeneza lina gharama. Tangazo litabaki, na wewe ndiye utakayefuata."

Walicheka wengi. Yeye hakujibu.

Siku ya kwanza nilidhani amenuna. Ya tatu nilijiambia anaandaa rufaa ndefu. Sikumpigia. Mtani hapigiwi simu kuombwa radhi, nilijiambia. Ningekuwa nimekubali nimeshindwa. Siku ya saba, saa kumi jioni, tangazo lake likatoka.

Kundi likalipuka. "Mpare kafa bila kulipa wakili!" "Kesi zake anarithi nani?" "Mzikeni na mafaili yake, huko aendako atamshtaki malaika mlango umekaa vibaya." Mimi mwenyewe niliandika: "Mshtakiwa yuko huru. Leo nachinja." Nakumbuka nilikuwa nakunywa chai na maandazi ya mama, nacheka peke yangu.

Siku ya pili yake ujumbe ulitoka kwenye namba yake.

"Mimi ni mke wake. Asanteni sana. Presha ilimchukua ghafla, tukamsafirisha kwao Upareni. Tangazo lenu liliingia tukiwa tunatoka makaburini. Utani wenu niliusoma kwa sauti mbele ya watu wote, wakacheka, hata baba yake ambaye hakuwa amekula siku tatu. Alisema sasa mwanawe amezikwa kama mtu. Marehemu alizoea kuniambia kwamba akifa, mtani wake wa Karatu atakuja kuwachekesha watu. Hamkuweza kufika, lakini mlituma maneno. Mungu awabariki."

Niliusoma nimesimama.

Wasomaji wa kwetu hawahitaji kuelezwa, ila niseme kwa ajili ya watoto wa siku hizi: msibani mtani ana kazi. Wafiwa wanapolia, yeye ndiye anayeruhusiwa kumcheka marehemu na kumdai, na kwa kicheko hicho watu hupata nguvu ya kula. Ni heshima. Na mjane yule alidhani tumeitoa. Hakujua kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyejua.

Tangazo niliingia nikalifuta siku hiyohiyo, kwa mistari miwili tu ya programu. Lakini aliyoyaamini mjane yule yangefutwaje? Wachezaji walinifuata pembeni. Msichana wa Mbulu aliandika: "Mkuu, mwache aamini hivyo. Inamdhuru nini?" Yule wa Malambo aliandika: "Nenda." Neno moja. Sikulala vizuri wiki mbili. Ningenyamaza, ningebaki mtani mwema wa Karatu maisha yangu yote, na nilipenda kubaki hivyo. Hilo ndilo lililonitisha: kwamba nilipenda.

Niliposikia mke wake amerudi Wasso kufunga duka, nilipanda basi la huko na fedha za mkopo kwenye bahasha. Tulipita ukingo wa kreta kwenye ukungu, ukungu uleule nilioutengeneza kwa wiki nyingi na kujivunia, na wa kweli ulikuwa mzito kuliko wangu. Kisha vumbi, saa nyingi za vumbi. Nilifika mwili mzima rangi moja, nikalala gesti, asubuhi nikaulizia duka la fundi wa sola.

Mke wake alikuwa anafunga vitu kwenye maboksi. Mwanamke mfupi, khanga mbili, betri na nyaya zimemzunguka. Nilipojitaja aliacha kazi.

"Kumbe ni wewe, shemeji! Mbona mdogo hivi? Alivyokusema nilidhani una kitambi."

Alinipa kigoda. Juu ya kabati palikuwa na picha ya mume wake, na hivyo ndivyo nilivyouona uso wake: mwembamba, miwani, tai iliyofungwa vibaya. Nilimpa bahasha kwa mikono miwili. Alihesabu, akatikisa kichwa. "Hii angekufokea," alisema, "lakini nimepokea." Nilikuwa nimemlipa wa mwisho kati ya wale kumi na mmoja. Ningeweza kuaga.

"Shemeji," nikasema, "tulikuwa hatujui."

"Hamjui nini?"

Nikamweleza. Siku saba, programu, tangazo linalojituma. Nikamweleza na shauri la thelathini na moja, na jibu langu, neno kwa neno, hata lile la kwamba yeye ndiye atakayefuata. Nikamwambia kwamba yale maneno aliyowasomea watu makaburini yaliandikwa na watu waliodhani yuko hai, na kwamba mimi nilikuwa nacheka nikinywa chai.

Aliingia chumba cha nyuma. Nilisikia boksi likivutwa. Nimesimama mbele ya watu wengi walionidharau na sikuwahi kukosa pa kuweka mikono yangu. Pale nilikosa.

Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Aliishusha picha kabatini, akaiweka juu ya boksi, mbele yangu.

"Baba yake asisikie hili," alisema. "Yeye yale maneno yamempa usingizi."

"Sitasema."

"Na wewe, basi, hujamtania bado. Ulimtania mtu mzima wa afya. Mtanie sasa, unajua amekufa. Ndiyo kazi yako. Huondoki hujaifanya."

Mimi, niliyejibu mamia ya watu kwa siku bila kufikiri, nilibaki kutazama tai ile. Yeye alisubiri, mikono kifuani, kama mtu aliyelipa kiingilio. Mwisho nikaanza.

"Shauri la thelathini na moja. Mshtakiwa anakubali makosa yote. Lakini..." Nikasita. "Lakini mlalamikaji hakufika mahakamani. Mshtakiwa anaomba kesi ifutwe."

Kicheko kilimtoka ghafla, kikubwa, akaziba mdomo kwa khanga, na katikati yake kikageuka kilio. Alilia akiwa bado anacheka. Nami nililia, sioni aibu kuandika.

"Ifutwe!" alisema alipopata pumzi. "Mchaga unapenda vya bure. Kwetu kesi hairudi nyuma, inarithiwa. Nimeirithi mimi. Imeahirishwa. Utakuja tukimaliza msiba, huko Upareni, utamtania mbele ya kaburi lake, baba yake akiwepo. Na uje na mbuzi."

Nilisema nitakuja. Nikavua koti nikamsaidia kufunga maboksi mpaka saa ya basi, na siku hiyo, kati ya watu wote walionikopesha, hakubaki hata mmoja niliyekuwa na fedha yake; nilibaki nikidaiwa kesi moja na mbuzi.