Mablanketi ya Darini

Nikisikia harufu ya mafuta ya taa, hata dukani kwa watu, huanza kutabasamu kabla sijajua sababu. Kisha namwona mama yangu akipanda ngazi kwenda darini na jiko mkononi, kule Saltley, Birmingham, mwanzoni mwa miaka ya sabini.

Mama alikuwa nesi, mzaliwa wa milima ya Taita. Kwao paa la nyasi hutunzwa kwa moto: moshi wa jikoni hulikausha na kufukuza wadudu. Basi theluji ilipoanguka, akaona paa letu la vigae nalo lipewe joto. Barafu ikaning'inia kwenye mfereji wa paa, nene kama miwa, nami nikaipenda sana. Siku ya tatu maji yakaanza kudondoka kitandani kwangu.

Mwenye nyumba akaja, akasema dari likivuja tena tuhame. Siku hizo kupata nyumba nyingine, kwa rangi yetu, hakukuwa mchezo. Mama akatoka nje, mimi na Baba nyuma yake, akakodolea macho mapaa ya mtaa mzima.

"Baba Wakesho, tazama ile nyumba tupu. Haina moto ndani, na snow imekaa tu juu, imetulia. Yetu inayeyushwa na jiko langu, maji yanaganda kwa gutter, yanarudi ndani."

"So what now, Mum?" nikauliza mimi, Wakesho; Kiswahili nilikisikia, kujibu nilijibu Kiingereza.

"Joto tulifungie huku chini. Leta lile sanduku."

Sanduku lilijaa mablanketi mapya ya sufu, aliyoyanunua moja moja katika maduka ya Alum Rock Road. Tuliyatandaza darini yote, mimi nikitambaa kati ya mbao na vumbi tele puani. Jiko likashushwa. Theluji ikaanguka tena wiki nzima, na halikudondoka hata tone.

Mwenye nyumba alirudi, akapapasa dari, akauliza fundi ni nani.

"Nesi," Mama akajibu, akaendelea kumenya viazi. Nilitembea na kichwa juu mpaka Pasaka.

Nilikuwa nimeshazaa nilipoelewa. Mablanketi yale yalikuwa ya bibi yangu na wazee wa kwao, zawadi za safari ya kurudi nyumbani. Mkono mtupu haulambwi, na baada ya miaka yote ile Mama asingeweza kwenda kwao mikono mitupu. Safari ikaahirishwa miaka minne, wala hakulalamika. Najivunia akili yake mpaka leo, lakini kinachonitoa machozi ni kwamba alilifungua sanduku lile bila kusita.