Shimo la Mjomba Chini ya Jiko la Jirani

Mjomba wangu aliacha kuitambua serikali siku ile naibu wa chifu alipokuja Malinya kumweleza kwamba shamba ni lake, lakini dhahabu iliyo chini ya shamba ni mali ya umma.

"Yangu inaishia wapi?" akamuuliza. "Kwenye mizizi ya mihogo? Baba yangu amezikwa pale nyuma ya nyumba. Naye ni mali ya umma?"

Naibu wa chifu akasema yeye ametumwa tu.

Tulikuwa tumefunga chuo, nami nilikuwa nikikaa kwake. Kesho yake mjomba alifunga kamba ya mkonge langoni, akatangaza kwamba pale ndipo mpaka. Hakuwahi kuketi na serikali yoyote wakakubaliana lolote, alisema. Watu walikubaliana kwa niaba yake kabla hajazaliwa. Tangu hapo kila mgeni alisimama nje ya kamba mpaka aruhusiwe. Mchungaji alisimama. Hata mama mkwe wake alisimama, na kwa hilo mkewe alimlisha mboga zisizo na chumvi mpaka akaomba radhi.

Kuchimba hakuacha. Kila asubuhi alishuka shimoni na tindo na nyundo, akiufuata mshipa wa dhahabu popote ulipoelekea. Kule chini hakukuwa na kamba.

Siku moja jirani yetu, mama mjane aliyezoea kumwita mjomba shemeji, alikuja na mwiko mkononi, bado umeganda obusuma, ule ugali wetu. Akasimama kwenye kamba.

"Shemeji, naomba viza."

Mjomba akacheka, akamruhusu.

"Nasikianga mtu akigonga chini ya jiko langu," akasema. "Nilidhani ni marehemu mume wangu amerudi. Leo figa moja limezama, sufuria ikapinduka. Mume wangu hakuwa na nguvu hizo."

Mjomba akajikuna shingo. "Shemeji, juu ni kwako, hilo sina ubishi. Lakini chini..."

Akisema chini ni kwake, amemnyang'anya mjane. Akisema ni kwa serikali, basi afadhali amwite naibu wa chifu aje wachimbe pamoja.

"Malizia," yule mama akasema. "Chini ni kwa nani?"

"Kwako," akajibu, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

"Basi rudisha udongo wangu."

Alirudisha, mimi nikimteremshia ndoo. Mama aliketi kwenye kigoda kando ya shimo, akikagua. Mawe yaliyometameta aliyatenga, akasema hayo hayarudi chini, yanaenda kwake. Mjomba aliyatazama yakiondoka, akameza mate.

Naibu wa chifu alipopata habari alikuja mbio kusuluhisha. Alimkuta mama akikoroga uji, sakafu ya jiko imeshindiliwa upya.

"Nasikia kuna kesi ya mpaka hapa."

"Ilikuwepo," mama akamjibu. "Kaa unywe uji, halafu uende."

Akanywa vikombe viwili, akaenda.